Nilijilaza kwenye kitanda cha lori, sasa mume wangu hasemi nami

Admin, jina langu lifiche, lakini Muscat iache ionekane, maana wa huku ndio watakaonielewa zaidi.

Nna miaka ishirini na nne na mtoto mmoja wa kike, ndo kwanza anatambaa. Wazee wetu walitoka Unguja, sisi tumezaliwa huku huku. Shule sikufika mbali, mnisamehe nikichanganya maneno.

Mume wangu alikuwa akibeba mboga kwa pikapu sokoni Mawaleh. Soko lilipohama kazi ikapungua, akapata mizigo ya haraka: dawa, vipuri vya mashine, vitu vinavyotakiwa Salalah, kusini kabisa, asubuhi yake. Anaendesha usiku kucha jangwani. Juzi juzi alisinzia, pikapu ikatoka njiani ikaenda kukwama mchangani. Alinihadithia huku anacheka. Mie nilikwenda kulia chooni.

Sasa anataka lori lake la kwanza, lile la boksi. Kwenye yadi ya kuuzia magari yako mawili. Moja jipya, linang'aa, halina pa kulala. La pili rangi imechakaa, lakini nyuma ya viti lina kitanda, na kiyoyozi chake kinafanya kazi hata injini ikizimwa. Kwa joto letu hili, bila ya hicho mtu hafumbi jicho. Nikamwambia achukue lenye kitanda. Mama mkwe wangu akadakia, "Kitanda cha nini barabarani? Mwanamume akipewa kitanda huko, kwako atafuata nini?" Mawifi wakacheka mpaka wakashikana.

Jana Alkhamisi tulikwenda kuyatazama. Mume wangu ni mrefu, nikataka kujua kama miguu yake itaenea. Nikapanda na abaya langu, mtoto mkononi, nikajinyoosha. Jamani, palivyotulia mle! Mwanangu akalala hata sijamfunika. Nikaita kwa furaha, "Babaake, njoo ujaribu, unaenea!"

Wauzaji wakatazamana. Mmoja akasema, "Keshahamia huyo, mletee na jiko!"

Uso ukamwiva mume wangu. "Shuka. Unanifedhehesha mbele ya watu."

Tulipofika nyumbani ndipo aliposema, "Nnachukua lile jipya. Wa kulazwa ni watoto."

Kesho anakwenda kulilipia, na sehemu ya fedha itatoka kwenye dhahabu yangu ya harusi. Nilimwahidi kwa mdomo wangu, kabla ya haya. Mkwe wangu ananiambia, "Mke mwema hamwekei mumewe masharti." Nikimnyima, ataona nimemzibia riziki na kumvunjia heshima mbele ya mamaake. Nikimpa, kila akiondoka nitakaa na simu mkononi nikiogopa isilie.

Nampenda, wallahi, na bado nna tamaa atanisikia. Asubuhi hii nimemtilia chai. Nageuka kumpa mkate, kasinzia, kikombe kinainama mkononi mwake. Nikakidaka. Akashtuka, neno la kwanza kuniambia tangu jana: "Sijalala mie."

Kaka zangu, dada zangu, dhahabu iko mbele yangu kwenye kitambaa. Nimpe au nimnyime? Na kama kuna mke wa dereva hapa, niambie wewe ulisema maneno gani mpaka akakusikia. Nakusubiri.