Ujumbe wa Ng'ombe kwa Mama Mkwe

Jana asubuhi nilimtumia mama mkwe ujumbe wa kumwuliza kama ng'ombe wake yuko tayari kupandishwa. Kwetu Wagusii, mambo ya kupandisha hayatajwi mbele ya mama mkwe, hata yakiwa ya mifugo. Heshima hiyo tunaiita chinsoni.

Kosa ni langu. Niliwaundia wafugaji wa Ekerenyo programu ya kutuma ujumbe, nikatumia maktaba ya mantiki, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine: unaipa sharti, nayo inakuletea kila kinacholitimiza. Sharti langu lilikuwa namba yoyote iliyo ndani ya rekodi ya mfugaji. Nilisahau kwamba humo ndani mna pia namba ya jamaa wa dharura, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni mmoja wa wafugaji hao, alikuwa ameweka ya mama yake. Kompyuta ikatii. Nikajipongeza kwa chai.

Mke wangu akapiga simu. "Baba Moraa, umemwandikia mama nini?"

"Si mimi, ni kompyuta."

"Na jina lako hapo chini? Kiswahili kilimshinda, akampa pasta simu amsomee. Pasta ameusoma kwa sauti, akina mama wa kanisa wakisikiliza."

Jumapili mama mkwe anatarajiwa kwetu kumwona mjukuu. Hajasema kama atakuja.