Fundi Aketiye Chini ya Jukwaa

Saa moja asubuhi, siku ya fainali, Kunjalavi anavuta kamba ya kwanza ya jukwaa la mashariki, na kamba haichezi. Mwingine angefurahi. Yeye anakitazama kiganja chake, kisha anakipangusa kwenye kikoi.

"Imelowa," anasema. "Nani ameinywesha maji?"

Kiwanja cha Vettilappadam, wilayani Malappuram, kusini mwa India, ni majaruba ya mpunga yaliyosawazishwa baada ya mavuno. Pande zake nne zimezungukwa na majukwaa ya magogo ya mipopoo, miti myembamba jamii ya mnazi, yaliyofungwa kwa kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja. Watu elfu sita hupanda humo kutazama mpira wa wachezaji saba kila upande, na uzito wao wote huegemea mafundo ya mzee huyu wa miaka hamsini na minane.

Jumatano ilinyesha mvua isiyo ya msimu. Kamba ya usumba ikilowa hukaza, ikikauka hulegea. Baada ya siku mbili za jua kali mafundo yalikuwa yamelegea, na Kunjalavi alikusudia kuyafunga upya leo asubuhi pamoja na mafundi wake wanne. Kumbe alfajiri katibu wa kamati ya mashindano, Nasarudheen, amewatuma vijana wazimwagie kamba maji kwa pampu ya umwagiliaji, zikaze zenyewe.

"Nilitaka kumpunguzia kazi," anasema Nasarudheen, kipa wa zamani mwenye mabega mapana. "Zilikuwa zimelegea, sasa zimekaza. Mimi naona shida imekwisha."

Fundi haoni hivyo. Maji huficha fundo bovu. Jua likiyakausha, fundo litaachia watu wakiwa wamejaa juu. Tena kamba mbichi haifungwi, mpaka ikauke. Kazi ya asubuhi sasa itaanza adhuhuri, na lango hufunguliwa baada ya sala ya alasiri.

Hapa lango halifunguliwi kwa filimbi wala kwa saa. Linafunguliwa fundi aliyelijenga jukwaa anapoingia chini yake na kuketi, naye hatoki mpaka mtazamaji wa mwisho ashuke. Desturi hiyo Kunjalavi aliipokea kwa baba yake, na kwa sababu hiyo, tangu aanze kazi akiwa na miaka kumi na tisa, hajaona fainali hata moja kwa macho.

"Naisikia," anasema. "Wakinyanyuka wote, ni bao. Wakinyanyuka nusu, ni bao la wageni."

Wazee wa Vettilappadam husimulia kwamba mpira waliuona kwanza kwa askari wa Kiingereza, waliocheza na viatu huku wenyeji wakichungulia. Walipoupata wao, waliucheza pekupeku, na kwa kuwa jaruba ni dogo, wakapunguza watu wakabaki saba. Watazamaji walikaa kwenye matuta. Kisha zikaja kuta za makuti ili watu walipe kiingilio, na baba yake Kunjalavi, mkwezi wa mipopoo, akaombwa kuwainua walio nyuma kwa jukwaa la magogo.

Leo washambuliaji hutoka hadi Ghana na Liberia, hukodishwa kwa msimu na kupewa majina ya utani kabla hawajamaliza chai. Jukwaa nalo limebadilika. Zamani Kunjalavi alijenga majukwaa ya viwanja tisa kwa msimu. Mwaka huu amejenga ya viwili. Vingine vimehamia majukwaa ya chuma ya kukodi, yanayosimamishwa kwa siku moja.

Adhuhuri kamba zimekauka, na mafundi wanaanza upande wa mashariki. Nasarudheen anamfuata fundi hatua kwa hatua. Tiketi zimeuzwa, anamkumbusha, na mapato ya fainali ndiyo yanayoendesha mwaka mzima zahanati ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Timu zote mbili zina mechi kesho wilaya nyingine. Haiwezekani kuahirisha.

"Kaka, ukikataa kuketi leo," anamwambia, "mwakani kamati italeta chuma. Sitaweza kukutetea."

Kunjalavi ana kamba mdomoni. Anamaliza kuifunga kwanza.

"Leta," anajibu. "Lakini leo ni mipopoo."

Alasiri inaingia na kupita. Nje ya lango watu wamesongamana, na fundi yuko juu ya gogo, wanamwona. Mmoja anamwita kwa sauti ya upole: "Mzee, keti basi. Hata kuku anajua wakati wa kuatamia." Kicheko kinapita kwenye msongamano kama upepo. Mkewe, Biyyathu, aliyeleta chai ya ndimu, anamgeukia yule mtu na kumwambia kuku wake ana mayai elfu sita, asimharakishe.

Jua linapozama, mashariki na magharibi ziko tayari. Kaskazini na kusini hazijaguswa. Kunjalavi anafunga kamba nyekundu mbele ya pande hizo mbili, mtu asipande, anamtazama katibu, kisha anainama na kuingia chini ya magogo. Lango linafunguliwa.

Waliokosa nafasi wanaketi kwenye nyasi, karibu na mstari kiasi kwamba mchezaji anayerusha mpira huwaomba wakunje miguu. Wapatao elfu moja wanarudishiwa fedha na kwenda nyumbani wakilalamika. Magogo yanalia usiku huo kama yanavyolia siku zote, wala hakuna fundo lililoachia. Kama mafundo ya kaskazini yangeachia au la, hakuna atakayejua.

Wiki iliyofuata kamati ilikutana ikapiga kura. Msimu ujao ni chuma. Nasarudheen alikwenda mwenyewe nyumbani kwa fundi kumpa habari, akala mkate wa mchele na nyama, akasema kwa muda mrefu kuhusu zahanati, kisha akasema alilojia.

"Chuma hakinuni mvua ikinyesha, Kaka."

"Kweli," alijibu Kunjalavi. "Wala hakiketi chini."

Hasemi kwa uchungu. Magogo ameyauza kwa mwenye shamba la pilipili manga, yatakuwa mihimili. Kamba amezibakiza. Mpango wake ni mmoja: msimu ujao atanunua tiketi ya safu ya juu kabisa, upande wa mashariki, aone fainali kuanzia filimbi ya kwanza. Fulana ameshanunua.

Biyyathu anamsikiliza huku akichambua mchele.

"Tiketi yako inunue, Baba Suhara," anasema. "Lakini mimi ninakujua. Kabla ya mapumziko utakuwa umeshateremka, uko chini unatikisa vyuma vya watu."

Kunjalavi anafikiri kidogo.

"Baada ya bao la kwanza," anasema.