Hodi Moja, Chumba Namba Saba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mchana wa jua kali, Kariakoo imefurika watu kama kawaida yake, nilipofungua mlango usio wangu. Nimefanya makosa mengi maishani, na mengi Mungu amenisaidia kuyasahau. Hili amekataa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa mapokezi kwenye gesti moja ya mtaa wa nyuma ya soko. Mwenye gesti alikuwa Bi Zuwena, mama wa Kiarabu, mjane, mtu wa swala tano na maneno machache. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha wageni kwenye daftari, kugawa funguo, na kuwasikiliza wafanyabiashara wa mikoani wakilalamikia bei za jumla. Funguo za akiba zilining'inia nyuma yangu kwenye ubao wa misumari, namba zimeandikwa kwa rangi ya kucha. Basi nikajiona mkubwa! Ukimpa kijana funguo kumi na mbili, anadhani amepewa na akili kumi na mbili.

Kulikuwa na mgeni tukimwita Mama Upendo, mjane kutoka Moshi. Alikuja kila mwezi, akilala siku tatu nne. Daftarini aliandika amekuja kwa biashara, lakini sikuwahi kumwona amebeba hata doti moja ya kanga. Siku hiyo, kabla ya kupanda chumbani, aliinama mezani kwangu akasema, "Dada, akija mtu yeyote kuniulizia, mimi sipo. Hata akisema ni ndugu."

"Usijali, mama," nikamjibu. Nilijibu kwa mdomo tu. Kichwani nilikuwa na yangu kuhusu mwanamke anayejificha, na mimi na dada wa usafi tulishakubaliana kwamba ana bwana mjini.

Saa nane akaingia mzee mmoja, koti limenyooshwa, kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole kabisa. Akajieleza kuwa ni shemeji yake Mama Upendo, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na ametoka Moshi.

"Nimemkuta?"

"Yupo, baba. Namba saba."

Hapo nilikuwa nimekwisha kumuuza, mwanangu, na hata kwenye kiti sijanyanyuka.

"Tumepata msiba nyumbani," akasema, akishusha sauti. "Sasa binti yangu, habari ya msiba haisemwi mlangoni. Ukimgongea atatoka anauliza kulikoni, ataanguka hapa koridoni. Nifungulie niingie, nimkalishe kwanza."

Unatujua sisi na msiba. Mtu akiutaja hatuulizi tena, tunasogeza viti. Na mzee wa heshima vile, ningeanzia wapi kumwambia akae nje? Nikachukua ufunguo wa akiba, tukapanda. Mlangoni nikasema hodi, moja tu, na mkono wangu ulikuwa umeshazungusha ufunguo.

Mama Upendo alikuwa amekaa kitandani, kanga kiunoni, anajifunga bandeji kifuani. Upande mmoja palikuwa na titi, upande wa pili palikuwa na kovu bichi. Mezani kulikuwa na dawa na vyeti vya hospitali. Alivuta shuka akajifunika, akamtazama yule mzee, akasema, "Shemeji, nakuomba. Watoto wangu."

Mzee alimtazama, akaitazama na ile meza. "Pole," akasema. "Kumbe ndiyo biashara yenyewe." Akavaa kofia yake akashuka ngazi.

Hapakuwa na msiba wowote. Alikuja kufumania mwanamume, akapata kilichomfaa zaidi. Tangu mdogo wake afariki, alikuwa akikitaka kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ya yule mjane, na akitaka kuwachukua watoto wake wawili. Alikosa sababu tu. Mama Upendo aliificha saratani yake kwa kuwa alijua watasema mtu anayekufa halei. Na ndivyo walivyosema, kama nilivyokuja kusikia kwa wafanyabiashara wa Moshi. Ukoo ulikaa kikao hata matibabu hajamaliza, watoto wakagawanywa, mmoja kwa baba mkubwa, mwingine kwa baba mdogo. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini mimi niliupasua mtungi wenyewe.

Jioni ya siku ile ile nilimsimulia Bi Zuwena yaliyotokea, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hodi ni ngapi?" akaniuliza.

"Tatu."

"Usipoitikiwa?"

"Unarudi ulikotoka."

"Nani alikufundisha?"

"Mama."

"Basi mama yako hana kosa. Mgeni nikishampa ufunguo, kile chumba ni nyumbani kwake mpaka siku atakayourudisha. Mimi mwenye jengo napiga hodi. Wewe ni nani?"

Hakunifukuza kazi. Afadhali angenifukuza.

Baada ya miezi miwili Mama Upendo alikuja, amekonda, kuchukua kibegi alichokiacha siku ile. Nikapiga magoti palepale mapokezi, nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Nikikusamehe, dada, wewe utalala. Mimi sitalala. Basi tukeshe wote." Akachukua kibegi chake. Sikumwona tena, wala sijui kama alipona. Watoto wale sasa ni watu wazima, na huenda wanaamini mama yao aliwatupa.

Watu huniambia, aa mama, wewe ulidanganywa tu. Kweli, nilidanganywa. Lakini leo nitakwambia nisilowahi kumwambia Bi Zuwena. Nilipokuwa napanda zile ngazi, nilikuwa na hamu ya kuona. Nilitaka kujua ana nani mle ndani. Ule msiba ulikuwa kisingizio cha mzee, na ulikuwa kisingizio changu pia. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga kwa hiari yangu.

Sasa wewe unayekaa mapokezi siku hizi, mwenye kadi za kufungulia milango na kamera koridoni, nisikilize. Usimwambie mtu nani kalala wapi, hata akipiga simu analia. Mwambie aache ujumbe, umpelekee mgeni, na mgeni akitaka ataonana naye. Usipige picha daftari ukamrushia rafiki yako. Ukienda kusafisha, piga hodi, ungoje, upige tena, mpaka tatu, na ukijibiwa kimya, rudi. Moto ukiwaka au mtu akizidiwa, hilo ni jambo jingine, na askari akija, mwite bosi wako azungumze naye. Wazee waheshimu, wape kiti na maji ya baridi, lakini usiwape mlango wa mtu. Na moyo wako ukianza kuwasha kutaka kujua ya mgeni, ujue huo ndio mwizi wa kwanza kuingia chumbani mwake.

Mungu akusitiri, mwanangu, wewe na wanao. Na kila atakayelala chini ya dari unayoilinda, aamke siri yake ikiwa bado ni yake.