Vijitabu Vitatu vya Mama

Kwetu Lubarika mgeni hasemi kwamba ameshakula. Ukipita kwa jirani wa kwanza ukapewa ugali na sombe ya majani ya muhogo, kisha ukafika kwa wa pili ukakuta sufuria imeshuka, unanawa mikono na kula tena, na unakula kwa uso wa mtu mwenye njaa. Mama alinilea hivyo. Nikiwa mdogo alinifinya paja mbele ya watu kwa sababu nilisema nimeshiba cha shangazi. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa jinsi mwanamke mwenye akili zake timamu alivyoweza kumeza dawa ileile kutoka sehemu tatu, kila asubuhi, na kushukuru.

Mama ana kisukari. Kiligunduliwa akiwa bado analima mpunga huko bondeni, na muuguzi wa kijiji akampa vidonge vya miezi mingi na kijitabu cha mgonjwa, kile ambacho sisi tunakiita kabuku. Milio ya bunduki ilipokaribia mashamba, akashuka kwangu mjini Uvira, kando ya ziwa, hapa mtaa wa Songo, na furushi moja kichwani. Wiki ya kwanza nikampeleka kituo cha afya cha mtaa wetu. Muuguzi, mama mpole mwenye sauti ya chini, akamuuliza kama anatibiwa mahali.

“Hapana, mwana wangu,” mama akajibu. “Miye nimekuja kwako.”

Nilidhani amechoka na safari. Akafunguliwa kabuku ka pili, akapewa vidonge vya pili. Miezi michache baadaye akapata kidonda mguuni, na muuguzi yule akaandika barua ya kumpeleka hospitali kuu. Barua ilieleza kidonda, haikueleza dawa. Hospitali wakatibu kidonda vizuri, sina ubishi, halafu daktari akapima sukari, akaona iko juu siku hiyo, akampa vidonge vya tatu na kabuku ka tatu. Ile barua ilikuwa na sehemu ya chini ambayo hospitali inatakiwa kujaza na kuirudisha kituoni, kumweleza muuguzi walichokuta na walichofanya. Niliiona baadaye kwa macho yangu, imekunjwa ndani ya faili. Ile sehemu ya chini ilikuwa nyeupe.

Sasa niseme langu, maana nimewalaumu wengine vya kutosha na nitaendelea kuwalaumu. Nilijua kuhusu vijitabu. Siku moja tunatoka kituoni nikamwona mama anafungua pindo la kitenge, na ndani kuna kabuku kengine. Nikamuuliza kwa nini hakumwonyesha muuguzi.

“Weye mwalimu, haujue adabu?” akanijibu, karibu kukasirika. “Unakulaka kwa muntu, kisha unaenda kwa mwingine kumuelezea bile ulikula? Atasikia haya. Atasema chakula yake haikunishibisha.”

Nilicheka. Nilicheka hadi nikashika ukuta! Jioni yake nikamsimulia mwalimu mwenzangu, naye akacheka. Mimi ambaye darasani siwezi kuvumilia mtoto mwenye madaftari mawili ya hesabu, moja la kunionyesha mimi na jingine la nyumbani, mimi ambaye humsimamisha mtoto kama huyo mbele ya wenzake na kumkaripia mpaka midomo imtetemeke, nilimwacha mama yangu na vijitabu vyake vitatu kwa sababu jibu lake lilinifurahisha. Sijajisamehe na sina haraka ya kujisamehe.

Asubuhi ile nilikuwa nafunga viatu kwenda shule. Mama alikuwa kitandani bado, jambo ambalo si la kawaida yake. Nilipomgusa, shuka lilikuwa limelowa jasho. Alinitazama, akaanza kuzungumza Kifuliiru, lugha ya kwao, na dada yake aliyekufa zamani, akimwomba amrudishie jembe. Nikajua ni malaria, kwa sababu huku kwetu kila kitu ni malaria kwanza. Nikamwita mtu wa pikipiki, nikakaa nyuma nikimshikilia mama katikati yetu, kichwa chake kinanigonga kidevu.

Kituoni muuguzi alipima malaria, hakuna. Vipimo vya sukari vilikuwa vimeisha tangu wiki iliyopita. Akanigeukia, na swali lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mtu aliyevaa nguo nyeupe.

“Anakunywaka dawa gani? Za hapa tu, ao iko na zingine?”

Nami nikajibu: “Za hapa tu.”

Sijui nilisema kwa nini. Hapana, najua. Muuguzi yule alikuwa amemfunga mama kidonda kwa mikono yake, alikuwa amemwita mama yangu mama, na mdomo wangu uliona haya kumwambia kwamba tulikuwa tukila kwingine. Mfinyo ule wa paja ulikuwa bado unafanya kazi. Akaandika kwamba huenda sukari imepanda sana, kwa sababu dawa zake alizotoa zilikuwa kidogo, akatupa barua twende hospitali kuu haraka.

Hospitali, kijana wa mapokezi aligeuza kabuku ka Songo mbele na nyuma. Sikuwa nimebeba kale ka kwao.

“Mugonjwa huyu iko wa nani?” akauliza.

“Iko wa hapa na wa Songo,” nikasema.

“Muntu hawezi kuwa wa fasi mbili. Kama iko wa Songo, hapa iko mupya. Mukae upande wa bapya.”

Tukakaa upande wa wapya. Mama alikuwa ameacha kuongea na dada yake, ameacha kuongea kabisa, na mate yalikuwa yanamtoka pembeni ya mdomo. Nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele mbele ya watu wazima maisha yangu yote, lakini siku hiyo nilisimama juu ya benchi na viatu vyangu vya shule, nikapiga kelele hadi daktari akatoka kuona ni nani anauawa.

Alimchoma kidole. Sukari haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka mpaka karibu na hakuna. Wakamwekea maji ya sukari kwenye mshipa, na baada ya muda mfupi mama akafungua macho, akasema ana kiu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Haikupita saa moja, akazama tena.

Daktari akanishika bega. “Mama mwalimu, kuna kitu ndani yake kinaendelea kuivuta sukari chini. Nataka kujua amemeza nini na kiasi gani. Usinifiche.”

Nilikimbia. Kutoka hospitali mpaka Songo pikipiki ilikuwepo lakini sikuiona, nilikimbia kwa miguu nikipita watu wanaonisalimia. Nyumbani nilipindua godoro, nikafungua furushi lake la Lubarika, nikafungua mafundo ya vitenge kwa meno. Vijitabu vitatu. Pakiti tatu za vidonge, kila moja na rangi yake: vidogo vyeupe, virefu vyeupe, vya manjano. Kila pakiti imefungwa peke yake ndani ya kitambaa chake, ili visijuane.

Daktari alivipanga juu ya kitanda, kabuku kando ya kabuku, kidonge juu ya kila kamoja. Alisoma kila kamoja. Halafu akasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo liliniumiza zaidi: “Hii, na hii, na hii. Majina tofauti, rangi tofauti. Ni dawa moja.”

Maji ya sukari yaliendelea siku mbili. Mama hakufa. Watu waliokuja kutupa pole walisema tuimbe, na tuliimba, lakini aliyerudi hakuwa yeye wote. Anatembea kwa kushikwa. Anakula akilishwa. Ananiita “wewe mwanamke”, kwa heshima, kama mtu anayemwita mwenye nyumba asiyemfahamu.

Miezi kadhaa baadaye viongozi wa afya waliitisha kikao, nami nikaalikwa kueleza. Walikubaliana jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili angelikubali. Mgonjwa wa sukari awe na kabuku kamoja, popote aendapo. Awe na muuguzi mmoja wa mtaa anayejibu kwa ajili yake. Hospitali ijaze ile sehemu ya chini ya barua na kuirudisha. Na mgonjwa akianguka, kituo na hospitali waulizwe pamoja, asiwepo wa kusema huyu si wangu. Muuguzi wetu wa Songo alinyoosha mkono wa kwanza, akasema, “Yule mama muzee iko wa kwangu,” akaandika jina lake kwenye jalada. Wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje, nikalia nikiangalia ziwa.

Utaratibu unafanya kazi, siwezi kusema uongo. Muuguzi huja nyumbani, huhesabu vidonge, na hospitali humwandikia. Wapo wengine mtaani ambao wataokolewa nao.

Wiki iliyopita tulikuwa hospitali kwa ajili ya mguu. Tulikaa kwenye benchi, kabuku kakiwa juu ya magoti ya mama, na daktari mgeni akatokea mlangoni akituita. Mama alimwona. Mkono wake, ule ambao siku hizi haujui kushika kijiko, ulishuka polepole, ukachukua kabuku, ukakasukuma chini ya paja na kuvuta kitenge juu yake. Halafu akamtazama daktari kwa uso wa mtu mwenye njaa.

Nilipiga magoti mbele yake, nikaingiza mkono chini ya paja lake, na tukavutana, yeye akiwa na nguvu kuliko mimi.