Mwaka Baba Alipokwenda Nairobi Kuangalia Magari

Mjukuu wangu anataka kwenda Ulaya kuangalia magari. Si magari ya kununua, ni ya mashindano: yanazunguka saa ishirini na nne bila kupumzika, madereva wakipokezana, na watu wanatoka pande zote za dunia kwenda kusimama kwenye uzio na kuyatazama yakipita. Wiki iliyopita alitandaza makaratasi yake yote juu ya meza yangu ya chakula: tiketi, viza, ramani, barua ya mwenyeji wake. Nikamuuliza atayabeba wapi. Akasema kwenye begi. Nikamuuliza nani mwingine anashika begi hilo. Akacheka, akasema, "Bibi, mbona unanihoji kama polisi?" Nikaondoka mezani, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Yeye hajui, na kosa ni langu, maana sijawahi kumwambia. Wewe nitakueleza, kwa kuwa umri wetu haupishani sana na unakumbuka tulivyokuwa tukiishi.

Temeke niliyokulia ilikuwa mchanga mtupu. Ukitembea saa sita mchana bila viatu, na viatu tulikuwa hatuna, unaruka kutoka kivuli cha nyumba hii hadi kivuli cha nyumba ile. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, maji tukiteka kisimani, na kila asubuhi kabla ya shule nilikuna nazi mbili huku mbuzi ikiniparura vidole. Sisi tulikuwa Wanyamwezi. Bibi yangu, mama yake baba, alikuja kwa treni kutoka Tabora, na tangu aliposhuka stesheni hakuacha kulalamika kwamba jasho la pwani halikauki. Baba alikuwa fundi wa magari katika gereji moja huko mtaa wa Gerezani. Jioni alirudi ananuka petroli, akajisugua mikono kwa mchanga na sabuni ya mche, na bado wali alioushika ulipata harufu ya gereji. Nilikuwa nikigombania makombo yake kwa ajili ya harufu hiyo.

Sifa ya baba ilikuwa masikio. Mafundi wenzake walifungua injini ndipo waone ubovu. Yeye aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, akafumba macho, kisha akakwambia kitu gani kinakufa humo ndani. Watu walileta magari kutoka Morogoro ili yasikilizwe na baba yangu.

Siku hizo Wazungu walikuwa wameanzisha mashindano ya magari ya siku kadhaa, usiku na mchana, kuanzia Nairobi, kuzunguka nchi zetu hizi kwenye matope na mashimo, na kurudi Nairobi. Mengi hayakurudi. Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge alileta gari lake dogo pale gereji, na baba akalishughulikia miezi miwili. Aliliongezea springi, akalifungia bamba la chuma chini ya tumbo, akalisikiliza kila jioni mpaka aliporidhika. Siku ya kulichukua, yule Mzungu alimwambia, "Likirudi Nairobi nataka uwepo, ulisikilize tena." Pengine yalikuwa maneno ya kuagana tu. Baba aliyachukua kama ahadi, na kutoka siku hiyo nyumba yetu haikuzungumza jambo jingine.

Alichora njia ukutani kwa mkaa. Mie, niliyekuwa na miaka tisa na najua kusoma, nilipewa kazi ya kumtajia vituo huku akila: basi mpaka Korogwe, treni mpaka Moshi, halafu Taveta, Voi, Nairobi. Nikikosea alinirudisha mwanzo. Bibi alinung'unika, "Mtu mzima na akili zake, anakwenda nchi yenye vita kuangalia vumbi." Maana Kenya ilikuwa katika hali ya hatari. Mwafrika aliyekwenda huko bila karatasi alikamatwa kwanza, akaulizwa baadaye. Kwa hiyo baba alitafuta kibali, akaenda ofisini na kurudi, akaenda na kurudi, wiki nyingi, mpaka siku moja akaja nacho kimekunjwa ndani ya kofia yake. Kilikuwa na picha yake na alama za vidole. Tulikipitisha mkono kwa mkono, sote tukiwa tumenawa.

Sasa nikutajie mtu wa pili katika habari hii. Ng'ambo ya njia, kibarazani kwake, alikaa fundi cherehani, Mzaramo, aliyempita baba umri kidogo. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, hilo nalo siku hizi inabidi kulieleza. Kila asubuhi alimpokea baba kwa matusi. "Mpagazi we, umeamka? Nani kakupa ruhusa ya kukanyaga mchanga wa babu yangu?" Baba akamjibu kwamba babu yake alikufa kwa uvivu, chini ya mnazi, akingoja nazi imwangukie mdomoni. Mama yangu yeye alimwita "mke wangu", waziwazi, baba akiwapo. Akipita uani kwetu aliinua kifuniko cha chungu na kuchota mchuzi, na hakuna aliyethubutu kukunja uso. Bibi alikuwa akisema, "Mtani hanuniwi." Na tukifiwa ni yeye aliyeyashika mazishi: alizuia jeneza mlangoni, akadai chake, akatuchekesha huku tunalia. Nilimpenda mtu yule. Nasema hivyo nikijua ninachokisema.

Ilikuwa desturi vilevile kwamba mtu akisafiri, mtani wake humkamatia kitu chake, na huko anakopandia gari, mbele ya watu, atakigomboa. Baba alilijua hilo. Wiki nzima alikuwa akificha kofia yake na viatu vyake, na bibi alikwisha mfunga jogoo mmoja mguu kwa ajili ya kulipa.

Yule fundi ndiye aliyemshonea baba koti la safari, lenye mfuko wa ndani wa kukaa kibali. Jioni ya mwisho baba alikwenda kulijaribu. Akatia kibali mfukoni, kikaingia sawasawa, akalivua ili lipigwe pasi ya mkaa kwa mara ya mwisho, akaketi kunywa kahawa na watu barazani. Fundi akakitoa kibali polepole. Badala yake akatia karatasi yake mwenyewe ya kukatia nguo, aliyoikunja ukubwa uleule, yenye vipimo vya watu kwa penseli: mabega, mikono, viuno. Asubuhi angemfuata baba kwenye kituo cha basi, akionyeshe juu, na baba apige magoti mbele ya abiria. Ungekuwa utani wa kusimuliwa Temeke miaka kumi.

Lakini alfajiri lori la gereji, lililokuwa linapeleka vipuri Moshi, lilimpitia baba nyumbani. Utingo hakukaa sana. Baba aligusa kifua, akasikia karatasi imo, akapanda. Bibi alimpakia mikate ya kumimina na nguru wa kukaanga aliyekolezwa ndimu. Mie nilikimbia nyuma ya lori mpaka vumbi liliponiingia machoni, nikitaja vituo kwa sauti.

Jua lilipokuwa juu kidogo tulimwona mtani anarudi kutoka kituoni, na jirani wawili watatu aliowachukua wakashuhudie. Alikuwa anacheka.

"Mke wangu!" akamwita mama. "Mpagazi wako kanikimbia! Kaogopa jogoo wake!"

"Hajakukimbia," mama akasema, naye anacheka. "Lori la gereji limempitia alfajiri. Saa hizi yuko mbali."

"Lori?"

"Lori. Mbona umeduwaa?"

Akavua kofia yake. Humo ndani mlikuwa na kibali cha baba. Alikishika kwa mikono miwili kama anayetaka kukirudisha kilikotoka, halafu akasema, "Dada, hiki hapa." Hakuwahi kumwita mama dada. Jirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Bibi alikaa chini, pale pale mchangani, akanyoosha miguu.

Sitamsingizia mtu. Yule fundi hakukaa kimya. Alipanda basi lililofuata, siku ya pili yake, akafika Moshi, akawabembeleza makarani wa stesheni na abiria waliokuwa wakielekea Voi, na hakuna aliyetaka kukutwa na karatasi ya mtu mwingine. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuvuka. Alirudi baada ya siku tisa, amekonda, akaweka kibali juu ya mkeka wetu, akaondoka bila kuaga.

Mashindano yalifanyika. Lile gari dogo lilirudi Nairobi zima, na gereji wakafurahi, wakatuletea sukari na pongezi za fundi mkuu. Mama aliipokea sukari akashukuru. Hakuna mtu pale gerejini aliyejua baba yuko wapi, wala sisi.

Barua ilikuja mwezi wa nne tangu aondoke, kwa mwandiko usio wake, mistari mingi imefutwa kwa wino mweusi. Ilisema yu hai. Yaliyobaki tuliyajua mwaka wa pili, aliporudi. Walimshusha kwenye treni baada ya Taveta. Akawaambia bila wasiwasi kwamba anacho kibali, akatoa karatasi mfukoni kwa mkono wake mwenyewe, akawapa. Wakaifungua wakaona namba za penseli, safu kwa safu. Wakamuuliza ni namba za nini. Hakujua. Wakamuuliza ni za bunduki au ni za watu. Hakujua, na kadiri alivyoapa kwamba hajui ndivyo walivyozidi kuamini kwamba anaficha. Siku tatu aliulizwa jambo moja. Kisha akapelekwa kambini, pamoja na watu ambao hata lugha yao hakuielewa, akavunja mawe kwa miezi kumi na minne.

Alirudi sikio moja halisikii kabisa, na la pili linavuma. Alikwenda gereji siku moja tu. Walimpa gari alisikilize, akaweka bisibisi, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu mpaka wenzake wakaona haya wakatazama pembeni. Baada ya hapo aliuza mkaa mbele ya nyumba.

Wiki ile aliyorudi, mtani alivuka njia kuja kwetu. Mkononi alishika jogoo mkubwa mwekundu. Safari hii aliyekuja kugomboa ni yeye. Watu walijua, wakasimama milangoni. Alifika mbele ya baba, akaanza kama alivyoanza siku zote.

"Mpagazi we. Umerudi?"

Tukangoja. Neno moja tu lingetosha: mvivu, mla nazi, lolote. Bibi alikuwa amemshika baba bega, naona mpaka leo vidole vyake vilivyokuwa vikimfinya. Nami nilikuwa nikiomba moyoni baba atukane.

Baba alimgeuzia sikio lililobaki ili asikie vizuri. Kisha akasimama, akainamisha kichwa kidogo kwa adabu, akasema, "Shikamoo, bwana jirani. Karibu."

Hata mtoto alielewa. Mtani haamkiwi shikamoo. Shikamoo haiachwi bila jibu, kwa hiyo fundi akajibu, "Marahaba," machozi yakimtoka, akaketi kidogo kama mgeni yeyote anavyoketi, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu njema, akarudi kwake na jogoo wake.

Hawakugombana. Ndiyo maana nakasirika ninapokumbuka, kwa sababu ugomvi ungesuluhishwa. Miaka minne waliishi wakitazamana, njia ikiwa katikati, na kila asubuhi baba alimwamkia kwa heshima na kila asubuhi mwenzake aliitikia. Hakuinua tena kifuniko cha chungu chetu. Bibi alijaribu kusema na mwanawe mara moja. Baba akamjibu, "Mama, sijanuna. Nimechoka tu." Nilimlaumu fundi, nikamlaumu baba, zamu kwa zamu, na sijamaliza.

Watu wa rika letu husikitikia minazi iliyokatwa na visima vilivyofukiwa. Mimi nasikitikia zaidi kwamba ukimuuliza kijana wa Temeke leo mtani wake ni nani, atadhani unazungumzia mpira. Tulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kutushika tunapoanguka, na tuliwapa ruhusa ya kutuumiza kidogo ili tuzoee. Hakuna aliyepima kidogo hicho kiwe kiasi gani.

Baba alikufa kabla ya Uhuru, kwa kifua. Siku ya mazishi uani palijaa. Mama alijifunga kanga, akavuka njia mwenyewe, akamwambia fundi, "Njoo umzike mtani wako." Akamjibu kwa upole kwamba hana haki hiyo, marehemu alikwisha iondoa, na hawezi kumbishia mtu asiyeweza kumjibu. Akaja kusimama nyuma, pamoja na majirani, akachukua zamu yake ya kubeba. Jeneza lilitoka mlangoni hadi barabarani bila kuzuiwa na mtu, bila hata mmoja kucheka. Shangazi zetu waliokuja kutoka Tabora wakatazamana, wakauliza kama marehemu huku pwani hakuwa na mtani. Nikajibu mimi, mbele ya wakubwa, kwa sauti, kwamba hakuwa naye.