Anayemaliza Hapigwi Picha

Siku yangu ya kwanza kazini katika ofisi ya ufadhili ya chuo, Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili alinikabidhi ufunguo wa kabati na onyo: "Bi Mwanakombo, hapa hatugawi pesa. Tunalinda watu wamalize." Nilicheka kimoyomoyo. Mimi mtoto wa Makadara, nihesabuye chenji mara mbili mbele ya muuzaji, nikaona hii ni kazi ya karani tu.

Haikuwa. Mfadhili hutoa pesa kwa awamu, yaani fungu baada ya fungu, na kila fungu husubiri ripoti ya msimamizi, mwalimu anayeongoza utafiti. Mwanafunzi wa uzamivu, shahada ya juu kabisa, huishi kwa posho ya fungu hilo. Likikatika, utafiti hufia njiani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Mwenyekiti wa wakfu uliotufadhili aliniita nyumbani kwake Kizingo. Alitaka kuwaacha wanafunzi waliobakisha mwaka mmoja, achukue wapya.

"Wapya wana hafla," akasema. "Waandishi huja. Anayemaliza, nani humpiga picha?"

Miongoni mwa hao wa kuachwa alikuwamo Rehema wa Buxton, aliyeacha kazi bandarini ili apime chumvi ya visima vya Mji wa Kale. Alikwishapima masika mamoja. Bila masika ya pili hakuwa na cha kulinganisha, na mvua haimngoji mtu apate posho.

"Wape wote mwaka mzima, na nauli za makongamano," nikasema.

"Miezi mitatu."

"Kisima hakijui miezi mitatu, bwana."

"Minne. Kwani, mama, wauza samaki?"

"Samaki akioza utavua mwengine. Masika yakipita ndiyo basi."

"Minne."

Nikafanya tufanyavyo sote dukani: nikaaga, nikaelekea mlangoni polepole, nikingoja kuitwa. Miwani niliiacha mezani makusudi, kwa tahadhari. Hakuniita. Nikavuka sebule. Nikavaa viatu, nikavivua, nikavivaa tena. Bado hakuniita. Nilikuwa nimeweka rehani mwaka wa mtoto wa watu.

Nikarudi. "Nimesahau miwani."

Alikuwa ameishika, anacheka. "Bi Mwanakombo, mimi nilianza na kibanda cha vitambaa, Makadara hiyo hiyo. Mteja akiacha kitu chake, simwiti. Namngoja."

"Haya, ushanipata. Sema bei."

"Mwaka mzima, wote. Nauli hakuna. Na huyo wa visima akimaliza, nipigwe naye picha kisimani."

"Picha mbili," nikasema, nikachukua miwani kabla hajabadili nia.

Rehema alimaliza, na picha zikapigwa. Mimi nimestaafu. Nanyi mnaoketi sasa kwenye meza ile, jueni: anayeanza hupigiwa makofi na kila mtu, anayekaribia kumaliza hana mtu ila nyinyi. Msimwachilie.

Zile nauli tu ndizo zaniuma hadi leo. Pengine viatu vile ningevivaa mara ya tatu.