Sufuria ya Eurilda Noel

Eurilda Noel alizaliwa Gouyave, mji mdogo wa wavuvi kisiwani, na kuzeekea Gouyave, na miaka yote hiyo mikono yake ilinukia kungumanga alizokuwa akichambua ghalani. Nyumba ya mbao waliyoachiwa na mama yao, yeye na mdogo wake Cosmos, aliifagia kila alfajiri kana kwamba askofu atapita. Jina la akina Noel, alisema, halina doa. Na kama linalo, basi doa lenyewe ni Cosmos.

Cosmos alikuwa mtu mzima, hodari wa domino, mvivu wa mengine yote. Siku dada yake alipoimwaga chupa yake ya ramu, alinuna. Mwenzake wa domino akamtia maneno: nenda mahakamani, sema anakupiga, watamtoa, nyumba ubaki nayo. Cosmos akaenda, akaapa kwamba Eurilda humcharaza kwa mwiko, naye hutetemeka kila amwonapo. Eurilda akapewa amri ya muda: ahame, wala asimkaribie nduguye mpaka kesi isikilizwe. Akahamia kwa binti yake wa ubatizo, na Biblia yake na sufuria yake. Amri ikithibitishwa, nyumba ya mama ndiyo kwaheri, na jina nalo.

Siku ya kesi, Cosmos aliyasimulia mapigo vizuri mno. Hakimu, mama mkali wa miwani, akamuuliza Eurilda ana shahidi gani. Akajibu kwamba nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mwongo. Watu wakacheka, hakimu hakucheka. Akaahirisha mpaka baada ya chakula cha mchana.

Eurilda akaketi kwenye benchi uani, akafunua sufuria: shelisheli lililoiva kwa tui la nazi na manjano, pamoja na nyama ya chumvi. Harufu ikatembea. Cosmos, ambaye tangu dada ahame alikuwa akila mkate na samaki wa kopo, akaazima kijiko kwa muuza juisi, akaja.

"Dada, umenibakizia ukoko?"

"Usinisogelee. Nina amri."

Akainuka na sufuria yake, akahamia ngazini. Cosmos akafuata. Eurilda akazunguka tangi la maji. Cosmos akafuata. Askari wa zamu akabaki mdomo wazi: mpigaji anakimbia, mpigwaji anamwandama na kijiko.

"Punguza mwendo basi, dada. Magoti yangu unayajua."

"Na wewe amri unaijua. Uliiomba mwenyewe."

Dirishani, hakimu alikuwa ameacha kula.

Kesi iliporejea, alimgeukia Cosmos. "Bwana Noel, si ulisema ukimwona dada yako unatetemeka?"

"Natetemeka, mheshimiwa."

"Leo ulitetemekea wapi? Ngazini au kwenye tangi?"

Cosmos akatazama viatu vyake. Kwa sauti ndogo akakiri kwamba mwiko ule haujapata kumfanya lolote, ila kumpakulia.

Amri ikafutwa. Hakimu akamwonyesha Cosmos msichana aliyefungwa bendeji mkononi, aliyekuwa akingoja zamu yake tangu asubuhi, akamwambia muda wote alioupoteza ulikuwa wa huyu. Hapo hakuna aliyecheka.

Jioni Eurilda alifungua madirisha yote ya nyumba ya mama yake. Cosmos alikuwa kwenye kizingiti, haingii wala haondoki. Dada yake akampa sufuria.

"Ukimaliza, isugue. Na Jumapili tutakaa benchi la mbele kanisani, wewe na mimi."

"La mbele kabisa, dada?"

"Uliapa mbele za watu. Utatubu mbele za watu."

Cosmos akaanza kukwangua ukoko, bila kubisha.